Joto la Maji Kwenye Mlango wa Mto Pangani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Huku Moshi na Arusha

Maswali haya yameokotwa kwenye mikutano ya jumuiya za watumia maji, madarasani, na mengine kwenye mabenchi ya kahawa. Karibu yote huanza na mlima na kuishia baharini, kwa sababu mto wetu nao ndivyo unavyokwenda. Jibu likigusa jambo lililokwisha kuelezwa, utaelekezwa kwenye swali lake.

## Mambo ya msingi

1. Mlango wa mto ni nini hasa?

Ni eneo ambalo mto unakutana na bahari, maji matamu na maji ya chumvi yakachanganyika. Mwisho wake wa juu ni pale ambapo kujaa na kupwa kwa bahari hakusikiki tena mtoni. Pangani, wakati wa bamvua (siku ambazo bahari hujaa na kupwa kwa nguvu kuliko zote), tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Ukisubiri kivuko cha kwenda Bweni, ng'ambo ya mto, maji yanapojaa, utaona mto unarudi nyuma: magugu, vifuu vya nazi na mapovu vinaelekea bara badala ya baharini.

Maji ya chumvi ni mazito, kwa hiyo hupita chini. Ya mto ni mepesi, hukaa juu. Kumbuka hilo, maana majibu mengi ya huko mbele yanalitegemea.

2. Sisi tuko Moshi na Arusha. Mlango wa mto unatuhusu nini?

Unatuhusu kwa sababu maji yale ni yetu. Karanga, Weruweru na Kikafu zinazoshuka Kilimanjaro, pamoja na Themi na Usa zinazoshuka Meru, zote huishia mto Kikuletwa. Upande wa pili kuna Ruvu, inayotoka Ziwa Jipe na miteremko ya mashariki ya Kilimanjaro. Kikuletwa na Ruvu hukutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, na chini ya bwawa mto unaitwa Pangani. Hupita kwenye madimbwi ya Kirua, hufika Korogwe ambako hupokea Mkomazi na Luengera, hupita Hale, kisha huingia Bahari ya Hindi. Kutoka kwenye chemchemi za mlimani mpaka baharini ni takriban kilomita 500.

Ofisi kuu ya Bodi ya Maji Bonde la Pangani iko hapa hapa Moshi. Nani apewe maji, kiasi gani na msimu gani, ni mambo yanayoamuliwa karibu na sisi, na anayeyaonja matokeo yake mwishoni ni mvuvi wa Pangani.

3. Maji ya mlango wa mto hupashwa joto na nini?

Na vitu vinne: jua, hewa, maji ya mto yanayoingia, na maji ya bahari yanayojaa. Ongeza na tope. Maji yakipwa saa sita mchana, tambarare za tope hubaki wazi zikichomwa na jua. Yakirudi kujaa, hupita juu ya tope hilo kwa kina cha kiganja tu na kulichota joto lake. Nimesimama kwenye tope la namna hiyo bila viatu: maji ya kifundoni yalikuwa kama ya kuogea mtoto, na hatua kumi mbele, penye mkondo, yalikuwa ya kawaida kabisa.

4. Pwani ni joto siku zote. Mabadiliko ya tabianchi yameongeza nini?

Joto la pwani lina msimu wake. Bahari ya upande wa Tanga hushuka mpaka karibu nyuzi 25 wakati wa kusi, mwezi wa saba na wa nane, na kupanda mpaka nyuzi 29 au 30 kaskazi inapoisha, mwezi wa tatu. Viumbe wamezoea mzunguko huo.

Kilichobadilika ni kwamba mzunguko mzima umepanda ngazi. Wastani wa joto la dunia katika miaka ya 2011 hadi 2020 ulikuwa juu kwa takriban nyuzi 1.1 ukilinganisha na nusu ya pili ya karne ya 19, na bahari imemeza karibu asilimia 90 ya joto lote la ziada. Kwa hiyo mwezi wa tatu, ambao tangu hapo ulikuwa mgumu, sasa unaanzia juu zaidi. Siku za joto kali baharini nazo zimekuwa nyingi na zinakaa muda mrefu. Mwaka 1998 joto la namna hiyo liliua matumbawe mengi katika pwani yetu.

## Mlima, msitu na bwawa

5. Maji ya Kilimanjaro ni baridi sana. Barafu ikiisha, si Pangani itachemka?

Hapana. Swali hili tunaulizwa kuliko yote, na lina makosa mawili ndani yake.

Kosa la kwanza ni kuhusu barafu. Ni kweli inakwisha: kati ya 1912 na 2007 Kilimanjaro ilipoteza takriban asilimia 85 ya eneo lake la barafu, na inatuuma sisi tunaoiona kila asubuhi mawingu yakifunguka. Lakini mito yetu hailishwi na barafu ile. Inalishwa na mvua inayonyesha kwenye ukanda wa msitu, ikazama ardhini na kutokea chini kwenye chemchemi. Mchango wa barafu kwenye mito ni mdogo mno.

Kosa la pili ni kudhani maji hubeba baridi yake mpaka baharini. Maji huchukua tabia ya mahali yalipo. Chota ndoo ya Karanga alfajiri, iache uani bila kifuniko, uipime saa nane mchana. Sasa fikiria maji hayo hayo yakishuka kutoka msituni, ambako kila mita 1000 unazoshuka hewa huongezeka joto kwa takriban nyuzi 6, yakalala kwenye bwawa la wazi, yakapita kwenye madimbwi ya Kirua, yakakokota Korogwe na Hale. Yakifika Pangani yameshasahau mlima. Baridi ya Kilimanjaro haifiki Pangani, na haikuwahi kufika.

Kinachofika ni wingi. Na wingi ndio unaolinda mlango wa mto, kama ifuatavyo.

Mto mnene huchelewa kupata joto, kama sufuria kubwa inavyochelewa kuchemka kuliko kikombe kwenye moto uleule. Pili, mto mnene husukuma maji yatoke kwenda baharini upesi, hayapati nafasi ya kukaa siku nyingi wakati wa maji mafu (siku ambazo bahari hujaa na kupwa kidogo tu) yakiungua juani. Tatu, hurudisha chumvi nyuma. Mto ukikonda, yote matatu yanapotea kwa wakati mmoja, na mara nyingi hukonda miezi ileile ambayo jua ni kali kupita kiasi.

6. Basi kupanda miti mtoni ni kazi bure?

La hasha! Miti ina kazi mbili, na zisichanganywe.

Msitu wa juu unalinda wingi (swali la 5). Miti ya kando ya mto inalinda ubaridi wa pale pale ilipo. Kijito chenye kivuli kinakaa baridi, na kikikatiwa miti kinapata joto ndani ya mita mia chache tu. Samaki, vyura na wadudu wa Karanga na Rau wanakihitaji kivuli hicho hata kama mvuvi wa Pangani hatakisikia. Pia mizizi inazuia udongo usichukuliwe. Maji yenye tope jingi hunyonya jua zaidi karibu na uso wake, na udongo ukishuka bwawani unapunguza kina.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kando ya mto zisizoruhusiwa shughuli za kudumu za binadamu. Tembea kando ya mto wowote wa mjini kwetu, uhesabu hatua kutoka ukingoni mpaka kwenye sukuma wiki ya kwanza. Mara nyingi hutafika kumi.

7. Bwawa la Nyumba ya Mungu linapoza maji au linayapasha?

Kwa jumla linayapasha. Ni bwawa pana lisilo na kina kikubwa, liko kwenye eneo kavu lenye jua na upepo. Maji ya juu hupata joto mchana kutwa, na mengi hupaa yakawa mvuke. Upande wa mvuke ndio unaoniumiza zaidi, maana maji yaliyopaa ni wingi uliokosekana chini.

Yanayotolewa yanaweza kuwa baridi kidogo kuliko ya juu ikiwa yanatoka kwenye kina, lakini tofauti hiyo inaisha kabla mto haujafika Korogwe.

8. Maji ya vuguvugu ya Chemka yanatokana na mabadiliko ya tabianchi?

Hapana. Uvuguvugu wa chemchemi ile unatoka ardhini, maji yanakopita kwenye miamba ya volkano. Yalikuwa hivyo tangu enzi za mababu, na hayafiki pwani yakiwa ya vuguvugu (swali la 5 tena).

## Kiasi gani, na ubaya wake ni upi

9. Joto la milango ya mito limepanda kiasi gani?

Mfano uliopimwa vizuri ni wa jimbo la New South Wales, Australia. Watafiti walifuatilia milango ya mito na wangwa (maziwa ya pwani yenye kuungana na bahari) 166 kwa miaka 12, na matokeo yalitoka mwaka 2020: wastani wa joto ulipanda kwa nyuzi 2.16 katika muda huo, haraka kuliko bahari ya karibu na haraka kuliko hewa. Maji yalizidi pia kuwa na tindikali.

Tarakimu hizo ni za huko, usizibandike Pangani. Kanuni iliyo nyuma yake ndiyo inayosafiri: maji machache, yasiyo na kina, yaliyozungukwa na nchi kavu, hayana pa kuficha joto. Wenzetu hao waliona kwamba kasi ya mabadiliko ilitegemea umbo la mlango wa mto. Mlango mpana unaooshwa na bahari kila siku, kama wa Pangani, una nafuu upande wa mdomoni. Tazama vihori (mikono midogo ya maji) vya pembeni na sehemu za juu ambako maji ya bahari yanafika yamechoka.

10. Nyuzi mbili tu! Mbona hata sisi tofauti ya Moshi na Arusha ni zaidi ya hapo?

Wewe una damu yenye joto lake, una kivuli, una shuka. Kaa hana. Mwili wake una joto la maji aliyomo.

Jambo la kwanza ni hewa. Fikiria soda: chupa iliyotoka kwenye friji ukiifungua gesi inabaki ndani, iliyokaa juani hufoka na kubaki maji ya sukari. Oksijeni kwenye maji ni vivyo hivyo. Maji matamu ya nyuzi 20 yanaweza kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30, hubeba takriban 7.5. Yakiwa na chumvi ya bahari kwa nyuzi hizohizo, hushuka mpaka karibu 6.

La pili ni kwamba njaa ya hewa inapanda wakati hewa inapungua. Viumbe wa damu baridi, kwa makadirio ya kawaida, hutumia oksijeni karibu mara mbili joto likipanda nyuzi 10. Kwa nyuzi 2 hiyo ni nyongeza ya karibu asilimia 15.

La tatu: viumbe wa nchi za joto wanaishi karibu na dari. Samaki wa Ulaya akiongezewa nyuzi mbili wakati wa baridi bado ana nafasi kubwa juu yake. Kamba mchanga aliyebaki kwenye kidimbwi cha tope, maji yamepwa, jua la saa saba, mwezi wa tatu, dari yake anaigusa tayari.

11. Kwa nini samaki hufa usiku wakati joto ni la mchana?

Mchana mwani na majani ya majini hutengeneza oksijeni. Usiku yanaacha, na yenyewe yanaendelea kuivuta pamoja na bakteria wanaoozesha takataka topeni. Maji ya moto huharakisha kuoza. Kwa hiyo oksijeni huwa chini kabisa alfajiri, na samaki huonekana wakihema juu ya maji kabla ya jua kuchomoza. Wafugaji wa perege wenye mabwawa huku kwetu wanalijua hili vizuri sana.

Mlangoni mwa mto huzidi pale maji mepesi ya moto yanapolala juu ya maji mazito ya chumvi (swali la 1). Tabaka la juu linakuwa kama kifuniko, na la chini linakosa hewa mpya. Mkondo wa bamvua hulivunja tabaka hilo. Wakati wa maji mafu, mkondo ni dhaifu na kifuniko kinakaa.

## Samaki, mikoko, minazi na afya

12. Uvuvi wa baharini unaguswaje na joto la mtoni?

Kamba wengi tunaowala hutaga baharini, na watoto wao huingia kwenye milango ya mito kukulia kwenye mizizi ya mikoko. Mkizi na samaki wengine wa pwani nao hulelewa humo. Chumba cha kulelea kikikosa hewa, bahari inakosa samaki miezi kadhaa baadaye, na mvuvi anaona ni bahati mbaya ya msimu.

Wenye uwezo wa kuogelea huhama. Chaza na wengine walioshika mahali hawana safari.

13. Mikoko inasaidia kupoza maji?

Inasaidia kwa kivuli kwenye vihori, na inashika tope. Yenyewe inavumilia joto kuliko samaki. Adui zake wakubwa ni shoka, kuzamishwa kusiko na kikomo, na chumvi inayozidi kiwango. Penye mikoko minene, kaa na kamba wana pa kukimbilia mchana. Ukiikata, umewaondolea mwavuli siku ileile jua lilipozidi.

14. Chumvi na joto vinahusianaje?

Vinaletwa na mzazi mmoja, yaani mto kukonda. Upande wa Bweni mama mmoja alinionyesha visiki vya minazi karibu na ukingo. Akaniambia, "Mwanangu, zamani maji yakipwa tulikuwa tunateka hapa hapa ya kupikia. Siku hizi hata yakipwa, chumvi haiondoki." Akachovya kidole, akanipa na mimi nionje. Tulikuwa mbali na mdomo wa mto.

Bahari inapanda kwa sababu maji yakipata joto hutanuka, na barafu za nchi za mbali zinayeyuka. Hiyo inasukuma kutoka chini. Kutoka juu, sisi tunapunguza msukumo wa kuirudisha: mifongo (mifereji ya kumwagilia mashamba) inayovuja njiani, mashamba ya mpunga ya tambarare, miji inayokua, na mvuke wa bwawani. Sisemi watu waache kulima mpunga. Nasema kila lita inayovuja kwenye mfongo usiozibwa ina mwenyewe kilomita mia nne mbele.

15. Kuna hatari kwa afya za watu?

Ipo. Bakteria wa kipindupindu na ndugu zake huishi kwa asili kwenye maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, wakijishikiza kwenye vijidudu vidogo vinavyoelea. Joto huwazidisha. Baadhi ya hao ndugu huingia kwenye vidonda. Chemsha maji ya kunywa, pika chaza na kaa waive, na mwenye kidonda kibichi asiingie kwenye maji ya vuguvugu ya mlango wa mto. Kidonda kikivimba haraka baada ya kuingia majini, nenda zahanati siku hiyo hiyo.

## Maswali yenye utata

16. Mbona mvua za masika zikizidi maji hupoa? Si ina maana tatizo limekwisha?

Mafuriko hupoza kwa siku au wiki chache, huondoa chumvi na kuosha mlango. Lakini huja na tope, vinyesi na mbolea za mashamba yote kuanzia Moshi. Maji yakitulia na jua likirudi, takataka hizo huoza na kula oksijeni (swali la 11). Mvua kubwa za mara moja zikifuatiwa na kiangazi kirefu ni mpangilio mbaya kuliko mvua ileile ikigawanyika vizuri. Na hewa yenye joto zaidi hushika mvuke mwingi zaidi, ndiyo maana mvua zikija zinakuja kwa kishindo.

17. Ni mto unaopoza bahari, au bahari inayopoza mto?

Hubadilishana. Wakati wa baridi ya mwezi wa saba maji ya mto yanaweza kuwa baridi kuliko ya bahari. Kiangazi cha kaskazi, mto mwembamba uliopigwa jua siku nyingi huwa wa moto, na maji yanayojaa kutoka baharini ndiyo yanayoleta nafuu. Bahari yenyewe ikipata joto, nafuu hiyo inapungua. Hapo ndipo ninapoogopa.

18. Shule yetu ina kipimajoto. Tunaweza kupima kitu cha maana?

Mnaweza sana. Pimeni mahali pamoja, saa ileile, kivulini, kina cha goti. Someni namba kipimajoto kikiwa bado ndani ya maji. Wanafunzi wengi hukitoa, wakakiinua usoni, na tayari wanasoma hewa. Andikeni tarehe, saa, kama kulikuwa na jua, na mto ulikuwa mnene au umekonda. Walioko pwani waongeze: maji yanajaa, yamejaa au yanapwa, maana bila hilo namba haina tafsiri.

Anzeni na jambo dogo: kijito kimoja sehemu mbili, juu penye miti na chini palipokatwa. Fanyeni mwaka mzima. Daftari la miaka mitano la shule moja lina thamani kuliko siku moja ya vifaa vya bei kali.

19. Tukifungulia maji zaidi Nyumba ya Mungu, tutaokoa mlango wa mto?

Yatasaidia zaidi kwa chumvi na kuosha, kidogo kwa joto lenyewe. Wakati wa kuyafungulia ni muhimu kuliko kiasi cha mwaka mzima: miezi ya kaskazi kabla ya masika, hasa siku za maji mafu.

Watu hudhani umeme ndio mpinzani. Mitambo ya Nyumba ya Mungu yenye megawati 8, ya Hale yenye 21 na ya New Pangani Falls yenye 68 haili maji. Yanapita kwenye mashine na kurudi mtoni, kisha yanaendelea kwenda baharini. Inachobadilisha ni saa ya kutoka. Maji yasiyorudi ni yale ya mashambani na yanayopaa. Kwa hiyo mazungumzo ya kweli ni kati ya mfongo wa Kilimanjaro, mpunga wa tambarare na mvuvi wa Pangani, na mpaka sasa mvuvi ndiye anayesafiri mbali kuliko wote kuja kwenye meza hiyo.